Nzi wa Shamba la Shemeji

Mkaguzi wa kampuni alichagua pera moja katikati ya kreti, akalifuta kwa kiganja, akalipasua kwa kisu chake kifupi. Alinisogezea nusu moja, na kwenye nyama ile ya waridi niliona funza watatu, weupe, wembamba kuliko punje ya mchele. Mmoja alijikunja kama upinde, akajirusha mpaka mezani.

"Pasua jingine," nilimwambia.

Alipasua la pili, la tatu, mpaka la kumi. Sita yalikuwa na funza. Akafunga kisu, akaandika neno moja kwenye fomu, na mzigo wangu wote, kreti themanini, ukapakiwa tena kwenye lori lile lile lililouleta.

Hilo ningelivumilia. Mkulima wa matunda akikuambia hajawahi kurudishiwa mzigo, ama ni mwongo au kaanza kazi jana. Kilichonichoma ni mzigo uliofuata kwenye foleni. Ulikuwa wa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye shamba lake na letu yanatenganishwa na ua wa michongoma tu. Upepo ni ule ule, mvua ni ile ile, na miche ya mipera tuliinunua siku moja. Mkaguzi alipasua kumi, akapasua mengine kumi, akagonga muhuri. Shemeji alipita mbele yangu akiangalia viatu vyake. Hakunisalimia.

Nikajisemea moyoni: huyu ana jambo.

Wafanyakazi wetu waliniita Bi Lenzi, wakidhani sijui. Nilijua, na sikuchukia, maana ile lenzi ya kukuzia vitu ilikuwa haibanduki shingoni mwangu. Kazi yangu ilikuwa mitego. Ni vikopo vya njano vinavyoning'inia matawini, vina matundu pembeni, na ndani yake kuna kipande cha chambo kidogo kama ncha ya kidole, chenye harufu kali kama ya karafuu. Nzi dume akiisikia harufu ile haoni wala hasikii kingine. Kila Jumatatu nilifungua mitego yote ishirini na minne, nikamwaga nzi kwenye sahani, nikahesabu na kuandika kwenye daftari. Wakiwa wengi, tunanyunyizia dawa. Wakiwa wachache, tunaiacha mipera ipumue.

Kazi ya mume wangu ilikuwa shimo. Pera likianguka, lazima liokotwe siku hiyo hiyo na kufukiwa chini sana, kimo cha kiuno, kwa sababu funza hutoka kwenye tunda akaingia udongoni, na humo ndimo anamogeuka kuwa nzi. Tangu tulipopanda mpera wa kwanza tuligawana hivyo: mimi nahesabu, yeye anafukia.

Sasa daftari langu lilisema nini? Miezi mitatu mfululizo nzi walikuwa wakipungua. Mtego uliokuwa ukinasa thelathini, ukanasa kumi na wawili, halafu watano. Kwa daftari hilo, mapera yetu yalipaswa kuwa safi kama ya kuchorwa. Ama daftari lilidanganya au matunda yalidanganya, na mimi sijawahi kuona funza mwongo.

"Dada, wewe unatafuta nzi," aliniambia msimamizi wa wachumaji jioni ile, tukiwa tunashusha kreti zilizorudi. Tulimwita Kengele, kwa kuwa akikohoa tu shamba zima linajua. "Tafuta mtu."

"Mtu gani?"

"Mimi sijataja mtu." Akageuza macho kuelekea kwenye michongoma. "Nasema tu, nzi hana mikono."

Maneno yale yalinikaa. Nikakumbuka miezi miwili nyuma, nilipomkuta shemeji ndani ya shamba letu, asubuhi kweupe, akisukuma toroli lililojaa mapera yaliyooza. Sikuuliza. Nilipaza sauti mbele ya wachumaji wote: "Shemeji, kwako hakuna jalala mpaka uje kunimwagia uozo wako kwangu?" Alishusha toroli taratibu. Alimtazama kaka yake, aliyekuwa amesimama hatua chache na jembe mkononi. Mume wangu alilitazama jembe. Shemeji akafuta mikono kwenye suruali, akaondoka, akaliacha toroli pale pale. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwetu.

Kumbe aliondoka na kinyongo, niliwaza. Alichoshindwa kukileta kwa toroli, amekileta kwa njia nyingine.

Jumatatu iliyofuata nilifungua mitego kwa jicho jingine. Sikuhesabu nzi kwanza, nilitazama chambo. Katika mtego wa kwanza kipande kilikuwa nusu. Wa pili, nusu. Katika safu nzima iliyopakana na ua, kila kipande kilikuwa nusu, na nilipokiweka chini ya lenzi niliona mkato ulionyooka, laini. Panya hatumii kisu.

Basi ndiyo maana nzi wangu walikuwa wachache. Chambo nusu, harufu nusu. Mitego ilikuwa imelala usingizi, na mimi nikiandika usingizi wake kwenye daftari kama habari njema.

Sikumwambia mtu. Nilitoa vipande vipya kwenye boksi stoo, na kila kimoja nikakizungushia nyuzi nyekundu mbili, moja huku, moja kule, ili atakayekata nusu aondoke na uzi wangu. Nikavining'iniza, nikasubiri.

Wakati nasubiri, mambo ya nyumbani nayo yakaanza kunitazama. Nilikuwa nafua shati la mume wangu nikasikia harufu ya karafuu kwenye mfuko wa kifua. Mwanamke akisikia harufu ngeni kwenye shati la mumewe huwa hafikirii wadudu. Nami sikuwafikiria. Nilikumbuka kwamba kwa karibu mwaka mzima alikuwa akioga amefunga mlango wa bafu kwa komeo. Alikuwa akilala na shati. Alikuwa na mkanda mpana wa kitambaa aliosema ni wa kuzuia mgongo, na ukiugusa anashtuka kama umemgusa moto. Mwanamume wa miaka hamsini na mbili, ndoa ya miaka ishirini na sita, anafunga komeo bafuni. Anamficha nani, sabuni?

Nililinusa lile shati mara ya pili, na ndipo akili ikanirudi. Haikuwa marashi. Ilikuwa chambo.

Siku ya tano nilikwenda kwenye ua wa michongoma. Nusu za chambo zilikuwa zimekatwa tena. Mtego mmoja wa shemeji ulining'inia karibu kabisa na michongoma, upande wake. Nilipenyeza mkono, miiba ikanichora mpaka kwenye kiwiko, nikaufungua. Ndani, juu ya lundo la nzi wakavu, kilikaa kipande cha chambo kilichofungwa uzi mwekundu. Niliufungua ule uzi, nikautia mfukoni.

Nilikaa chini pale pale kwenye majani. Kwamba shemeji anaiba, hilo nilikuwa nimeshalipika na kulipakua. Lakini mfukoni mwa mume wangu? Huyo naye alikuwa anafanya nini humo?

Kesho yake saa saba mchana, wachumaji wakiwa wanakula, mume wangu alisimama.

"Naenda kuangalia pampu."

"Haya."

Pampu iko kusini. Yeye alishika njia ya kaskazini. Nilimfuata nikipita safu ya pili, nikiinama chini ya matawi kama mwizi ndani ya mali yangu mwenyewe. Alisimama kwenye pengo dogo la ua. Shemeji alikuwa upande wa pili. Mume wangu alitoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi, akakinyoosha. Shemeji alitikisa kichwa. Walibishana kwa sauti ya chini, na upepo uliniletea vipande tu: "... wiki moja ..." na "... asijue kwanza ..." Mwisho mume wangu aliiacha ile karatasi juu ya jiwe, akageuka. Nililala kifudifudi mpaka alipopita.

Kwa maneno yale manne nilijenga jumba zima. Ardhi ile baba yao aliigawa kati yao wawili, na upande wetu nilikuwa nimeutolea jasho kuliko mtu yeyote. Nikaona yote: ndugu wawili wanaliua shamba taratibu, mimi nikate tamaa, niseme tuliache, na nusu irudi kwa nusu, damu irudi kwa damu. Akufukuzaye hakwambii toka.

Jioni mezani nilimuuliza, "Pampu vipi?"

"Nzuri."

"Haijaziba?"

"Kidogo."

"Ni nzuri, na imeziba kidogo."

Aliinua kikombe, akanywa chai ambayo ilishakwisha.

Siku mbili baadaye mkaguzi alikuja shambani. Kampuni ilikuwa imetupa nafasi ya mwisho: tutafute chanzo, au tufutwe kwenye orodha ya msimu. Alikuwa mtu mkimya, mwenye miguu mirefu, na alitembea safu kwa safu mikono nyuma. Mume wangu alikuwa amekwenda mjini kutafuta vipuri vya pampu, au ndivyo alivyosema. Kengele na mimi tulimfuata mkaguzi nyuma. Karibu na shimo la kufukia alisimama, akafunika nzi aliyetua kwenye jani kwa kichupa kidogo, akakitikisa.

"Naomba hiyo lenzi yako."

Nilimpa. Alitazama, kisha akanirudishia pamoja na kichupa. "Ona mabawa."

Nzi yule alikuwa amepauka, na mabawa yake yalikuwa bado yamekunjamana.

"Huyu katoka udongoni asubuhi hii hii," alisema. "Hajawahi kuruka. Huyu hajavuka ua wa mtu. Mnafukia wapi?"

"Hapo hapo, lakini shimo letu ni la kimo cha kiuno," nilijibu kwa ukali. "Mume wangu hachezi na shimo."

Mkaguzi aliokota kijiti, akakichomeka kwenye udongo uliofukiwa. Kilizama kidogo, kikagota kwenye ardhi ngumu. Alikichomoa, akakipima kwenye mkono wake. Hakikufika kwenye kiwiko.

"Kiuno cha nani?" Kengele alibwata. "Cha kuku?"

Tulitandaza chandarua juu ya udongo ule, tukakibana pembeni kwa mawe. Asubuhi nilikwenda peke yangu kukitazama. Kwa mbali nilidhani upepo unakitikisa. Hapakuwa na upepo. Kitambaa kizima kilikuwa kinatembea. Mamia ya nzi, wengine wameshakauka mabawa, wengine ndiyo kwanza wanajivuta kutoka kwenye nyufa za udongo, wakipanda juu ya migongo ya wenzao. Tulikuwa tunawalea. Mimi na daftari langu, tulikuwa tunawalea nyumbani.

Lakini mnadhani nilijuta? Mtu akishashika shuku, kila kitu kinakuwa kuni. Nilijiambia: kachimba kijuujuu makusudi. Kwa hasira nilisukuma jiwe moja, chandarua kikafunuka upande, nikakiacha hivyo, nikatoa ule uzi mwekundu mfukoni, nikaliendea pengo la ua. Mume wangu aliniona kutoka kwenye banda. "Mke wangu, unakwenda wapi? Mke wangu!" Alikuja nyuma yangu, akitembea upande upande.

Shemeji alikuwa chini ya mipera yake akifunga matunda kwa karatasi za magazeti, moja moja, kama anavyofanya kila msimu. Nilimrushia uzi kifuani.

"Mlipanga lini?"

Aliuokota uzi, akautazama, akamtazama kaka yake aliyekuwa anahema nyuma yangu. "Sema wewe," alimwambia. "Leo ukinyamaza, nasema mimi."

"Useme nini?" nilimfokea mume wangu. "Kwamba mnanifukuza? Kwamba chambo unakata wewe, mtego ananing'iniza yeye, na shimo mnachimba la kufukia paka? Nimeona chandarua! Nimeona kila kitu!"

Mume wangu alifungua vifungo vya shati. Alitazama huku na huko kama kuna umati, kisha akaulegeza ule mkanda wa kitambaa na kushusha suruali kidogo upande wa kulia. Kwenye kinena palikuwa na uvimbe mkubwa kama ngumi ya mtoto, ngozi imevutika na kung'aa.

"Ngiri," alisema. "Ina mwaka na kitu. Daktari alisema nipasuliwe. Akanikataza kuinua vitu na kushika jembe."

Kati ya hila zote nilizokuwa nimezipanga kichwani, hakuna hata moja iliyokuwa na uvimbe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba aliingia chumba cha upasuaji akitembea kwa miguu yake, akatolewa amefunikwa shuka." Alianza kufunga vifungo, akakosea, akaanza tena. "Ningekwambia, ungenipeleka siku hiyo hiyo. Nakujua."

"Na shimo?"

"Nilikuwa namchimbia mimi," alisema shemeji. "Kila alfajiri, kabla hamjaamka wengine. Miezi kumi. Chambo zangu zilipoisha akawa ananikatia nusu za kwenu. Nilimwambia asikate, aombe. Akasema ukiombwa utauliza, na ukiuliza utajua."

"Nilikuwa na boksi zima stoo," nilisema, na sauti yangu haikuwa tena na kimo. "Boksi zima."

Shemeji alichukua karatasi nyingine, akaikunja, lakini hakufunga tunda.

"Lile toroli, shemeji," alisema. "Siku ile nilichelewa kuamka, ndiyo maana ukanikuta. Yale mapera yalikuwa yenu. Nilikuwa nayapeleka shimoni."

Nilihesabu haraka, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Miezi miwili tangu siku ya toroli. Miezi miwili mume wangu akichimba peke yake, ameshika ubavu, anakwangua udongo kidogo na kuusawazisha kwa mguu. Na nzi kutoka yai mpaka kuruka hahitaji hata mwezi. Mdomo wangu ndio uliochimba lile shimo fupi. Na yeye, mume wangu, alisikia ninavyomtukana mdogo wake mbele ya watu, akalitazama jembe.

Hasira yangu ilikosa pa kukaa. Nilimgeukia: "Uliniacha nimtukane."

"Nilikuacha," alisema.

"Nilikuwa nakwenda pale kwenye ua kumbembeleza arudi," aliongeza baadaye. "Alikataa. Alisema hachimbi tena mpaka ujue. Nikamwomba wiki moja nipate ujasiri."

"Mficha maradhi..." shemeji alianza, akaiacha methali ikining'inia, kwa sababu kaka yake alikuwa amekaa kwenye kreti akiwa ameshika kichwa.

Alipasuliwa siku sita baadaye. Nilikaa kwenye benchi la nje nikitazama mlango, na nakiri kwamba hata pale nilimshuku muuguzi kila alipopita bila kunitazama. Alitoka salama, analalamika kwamba mate yamekauka na kwamba nimemletea shati lisilo lake.

Msimu ulikwenda. Kampuni ilitufuta mpaka mwakani, na mkaguzi alinipa barua mwenyewe mkononi, akasema pole, neno refu kwa mtu kama yeye. Tulichuma kila pera lililobaki, bichi na bivu, tukalijaza kwenye mifuko mizito ya plastiki nyeusi, tukafunga midomo na kuipanga juani mpaka kilichokuwa ndani kikaiva na kufa. Shimo la zamani tulilimwagia udongo mwingine, tukaushindilia. Mitego niliijaza chambo nzima. Jumatatu ya kwanza mtego mmoja ulinasa nzi mia mbili na kumi. Niliandika namba ile yote; ilikuwa mbaya, lakini ilikuwa namba ya kweli.

Wiki hiyo hiyo mzigo wa shemeji nao ulirudishwa. Nzi tuliowalea sisi walikuwa wamekwishavuka ua, wakayapata matunda ambayo alikuwa bado hajayafunga karatasi.

Nilikuwa nimemtukana mbele ya wachumaji, kwa hiyo niliwakusanya wachumaji. Nilimwomba Kengele aende kumwita. Alikuja akasimama kwenye pengo la ua, hakuingia. Nilisema yote kwa sauti, toroli lilikuwa la nani, mapera yalikuwa ya nani, na nani aliyekosa.

"Nimesikia, shemeji," alisema. Akaondoka.

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuwa na haki ya kuulizia. Kesho yake asubuhi nilivuka mimi. Nilikuta rundo la magazeti chini ya mpera wa kwanza, nikachukua karatasi, nikaanza kufunga matunda machanga. Alikuwa safu ya tatu. Aliniona, akaendelea na kazi. Siku ya kwanza hatukusemeshana. Siku ya pili alikuja akafungua tunda moja nililolifunga, akalifunga upya, akaniacha nione mikono yake inavyofanya. Ya tatu alinipa kisu chenye makali zaidi cha kukatia karatasi.

Siku ya nne jua lilikuwa kali. Alishuka kwenye ngazi, akafuta uso kwa mkono wa shati.

"Shemeji," aliniita. "Kwenu kuna maji ya kunywa?"

"Yapo."

"Basi twende. Nimjulie hali na mgonjwa."